Massey Ferguson 135 inazima shambani na asubuhi inawaka kwa taabu: nianzie wapi?

Mkulima wa Urambo

Wakulima na mafundi, salaam. Ninalo trekta la Massey Ferguson 135 lenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda tatu, ambalo nililirithi kwa marehemu baba na ambalo hadi leo ndilo tegemeo letu la kulima mashamba ya tumbaku na mahindi kabla mvua za Novemba hazijakolea. Msimu huu limeanza tabia mbili ambazo sijui kama ni ugonjwa mmoja au ni magonjwa mawili.

Asubuhi stata huzungusha injini vizuri, lakini injini haishiki mpaka nizungushe kwa muda mrefu, na inaposhika hukohoa na kutikisika kabla ya kutulia. Kisha, plau likiwa ardhini kwa kama nusu saa, nguvu hupungua taratibu, mlio hupanda na kushuka, na mwishowe injini huzima. Nikiliacha lipumzike kidogo, huwaka na kulima tena kana kwamba halikuwa na tatizo lolote. Jambo linalonishangaza ni kwamba likivuta tela tupu barabarani halizimi hata mara moja. Filta ya dizeli nimebadilisha na upepo (hewa iliyonaswa kwenye njia ya dizeli) nimetoa; hali ilipoa kwa muda, kisha ikarudi.

Fundi aliyelitazama amesema pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwa shinikizo hadi kwenye nozeli zinazoinyunyiza ndani ya silinda, imekufa na ipelekwe Mwanza kufunguliwa, kazi ambayo gharama yake itameza fedha niliyoitenga kwa ajili ya mbolea. Naomba kujua kama dalili hizi zinatosha kuihukumu pampu, au kama kuna vitu vya kupima kwanza hapa hapa nyumbani.

Fundi wa Nzega

Ndugu, pampu usiiguse kwanza. Trekta hilo kwa kawaida lina pampu ya nozeli ya CAV aina ya DPA, na pampu hiyo ikichoka huwa na tabia yake inayojulikana: injini ikiwa ya moto hukataa kuwaka mpaka ipoe, kwa sababu dizeli iliyopata joto huwa nyepesi na huvuja ndani ya rota (sehemu yake inayozunguka) iliyolika, hasa wakati wa kuzungushwa na stata ambapo mwendo ni mdogo na shinikizo ni dogo. Trekta lako linafanya kinyume chake. Linazima likiwa katika mwendo wa kazi, na halizimi pale linapotumia dizeli kidogo. Mzigo mkubwa unadai mafuta mengi, na mafuta mengi hayafiki. Kwa hiyo tafuta mahali yanapobanwa kati ya tangi na pampu.

Anza na mfuniko wa tangi, kwa kuwa hauna gharama. Dizeli inapotoka, hewa lazima iingie kuchukua nafasi yake, na tundu la mfuniko likizibwa na vumbi (vumbi la Oktoba kwenye udongo wetu wa kichanga mnalijua) tangi hujenga mvuto unaozuia mafuta kushuka. Trekta linapoanza kuishiwa nguvu, legeza mfuniko papo hapo, plau likiwa bado ardhini. Ukisikia hewa ikiingia kwa kishindo na injini ikarudisha nguvu, umemaliza.

Ikiwa hakuna badiliko, subiri lizime, kisha usilipe nafasi ya kupumzika: funga koki ya tangi, fungua bomba linaloingia kwenye pampu ndogo ya kuvuta mafuta ubavuni mwa injini, weka chombo safi, na ufungue koki. Tangi la 135 liko juu ya injini, hivyo dizeli inapaswa kushuka kwa uzito wake yenyewe, ikijaza bomba. Acha itoke lita mbili au tatu bila kuikatiza. Watu wengi huitazama kwa muda mfupi, wakaona inatoka, wakafunga. Kumbe uchafu ulioko ndani ya tangi huvutwa polepole mpaka kwenye tundu la kutokea, na mtiririko ukisimama huelea tena mbali. Hiyo ndiyo sababu hasa ya trekta kupona likipumzika.

Tumia spana za inchi, tafadhali. Nati za injini hiyo si za milimita, na nimeona nyingi zilizoviringishwa vichwa na spana isiyokaa.

Mama wa Kasulu

Ninakubaliana na Fundi, na ningependa kuongeza jambo ambalo lisiachwe hadi mwisho, kwa kuwa linaweza kuua injini wakati bado tunatafuta kwa nini inazima. Pampu ndogo ya kuvuta mafuta ina kiwambo cha mpira kinachosukumwa na kamshafti, mhimili wenye vinundu unaozunguka ndani ya injini. Kikichanika, dizeli inaweza kushuka moja kwa moja kwenye oili ya injini, na oili iliyochanganyika na dizeli hailindi beringi. Chomoa kijiti cha kupimia oili kabla ya kuwasha tena: kama kiwango kimepanda bila wewe kuongeza, au kama kinanuka dizeli, usiwashe mpaka kiwambo kibadilishwe na oili imwagwe.

Kiwambo unaweza kukipima pia kwa kutumia mkono mdogo wa pampu hiyo. Ukiupandisha na kuushusha unapaswa kuhisi ukinzani na kusikia dizeli ikisukumwa. Ukiuona umelegea kabisa, usikimbilie kununua nyingine, kwa sababu huenda kamshafti imesimama mahali inapoibana pampu hiyo. Zungusha injini mzunguko mmoja kisha ujaribu tena. Baadhi ya pampu hizo zina wavu chini ya mfuniko wake mdogo wa juu, na wavu huo husahauliwa hata na mafundi wazuri.

Kuhusu asubuhi, ningeuliza kuhusu moshi. Ukizungusha na bomba la moshi halitoi kitu, dizeli haifiki kwenye silinda. Likitoa moshi mweupe, dizeli inafika lakini haiungui, na hapo mtu atazame mbano wa injini, nozeli, au stata inayozungusha kwa uvivu.

Mkulima wa Urambo

Ninashukuru sana, Fundi, na wewe Mama. Nimefuata mpangilio mlionipa. Kulegeza mfuniko hakukubadilisha kitu. Oili iko sawa, hainuki wala haijapanda. Asubuhi hakuna moshi wowote mpaka karibu na kushika.

Jibu lilikuwa kwenye bomba. Dizeli ilitoka kwa nguvu mwanzoni, ikaanza kupungua, na kabla chombo hakijafika nusu ilikuwa inadondoka tone kwa tone. Nilipofunga koki kwa muda na kuifungua, ikatoka tena kwa nguvu. Nimetoa tangi na kuliosha, na humo nimekuta kutu iliyobanduka pamoja na vipande laini vyeusi ambavyo nadhani ni mpira wa mfuniko wa zamani. Sasa natoa upepo lakini injini haijashika, na bado sielewi ni vipi uchafu wa tangini ungesababisha tabu ya asubuhi, wakati usiku injini haivuti chochote.

Fundi wa Nzega

Nianze na swali la pili. Tundu la tangi likibanwa, pampu ndogo huendelea kuvuta, kama mtu anayenyonya kwa mrija uliokunjwa, na bomba lote linabaki na mvuto ndani yake. Kila kiungo kilichochoka hapo katikati, iwe mpira wa koki, washa ya shaba iliyotumiwa mara nyingi, au bomba lenye ufa, huanza kuingiza hewa. Hewa hiyo hukusanyika kwenye filta, na asubuhi unalazimika kuisukuma yote kwa stata. Ndiyo maana hukuona moshi. Kwa hiyo ni ugonjwa mmoja, lakini umeacha kidonda cha pili: kagua viungo hivyo, na sasa kazi imekuwa rahisi kwa sababu tundu la tangi likiwa limezibuka kiungo kibovu kitalowa dizeli kikisimama usiku kucha. Futa vyote vikauke jioni, acha koki wazi, upitishe kidole alfajiri.

Kuhusu kutoa upepo, fuata njia ya dizeli yenyewe. Tumia mkono wa pampu ndogo, ulegeze skrubu ya juu ya filta mpaka mapovu yaishe, uikaze ukiwa bado unasukuma. Kisha nenda kwenye pampu ya nozeli, ambayo ina skrubu mbili za upepo, moja ubavuni karibu na kichwa cha mabomba na nyingine kwenye mfuniko wa juu wa gavana (kidhibiti mwendo). Wengi hulegeza moja tu na hapo ndipo wanapokwama. Mwisho legeza nati za mabomba kwenye nozeli, hakikisha kamba ya kuzimia imerudishwa ndani, fungua mafuta yote kwa mkono, na upige stata kwa vipindi vifupi mpaka kila bomba lirushe dizeli. Weka uso na mikono mbali, maana dizeli ya shinikizo hupenya ngozi. Na usimruhusu mtu akupulizie etha (dawa ya kulazimisha injini iwake) kwenye njia ya hewa. Injini hiyo ina kipasha moto kwenye manifoldi, yaani bomba la kuingizia hewa, na vitu hivyo viwili havikai pamoja.

Mzee wa Tabora Mjini

Mwanangu, Urambo imeyaona matrekta tangu mradi wa karanga wa Waingereza wa mwaka 1947, kwa hiyo hilo lako si geni hapo. Nina neno moja tu juu ya dizeli yenyewe. Kama unanunua kwa madumu kijijini, iache itulie kwenye pipa, uchote kutoka juu na uache ya chini, kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli na hukaa chini pamoja na mchanga. Tena jihadhari na iliyochanganywa na mafuta ya taa. EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama ya kutambua mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya mchezo huo huo, na pampu ya DPA hulainishwa na dizeli inayopita ndani yake, haina oili nyingine. Jaza tangi jioni, lisilale nusu, ili unyevu wa hewa usipate nafasi ya kuganda kwenye bati na kuanzisha kutu upya.

Mkulima wa Urambo

Shikamoo Mzee, na asante. Ilikuwa skrubu ya gavana, nilikuwa sijaifungua. Injini imeshika, na jana imelima mpaka jua la saa tisa bila kuyumba. Alfajiri hii mpira wa koki ulikuwa umelowa, sehemu nyingine zote kavu. Kama kuna anayejua duka la Tabora lenye koki ya 135 au mpira wake peke yake, naomba anielekeze.

Mama wa Kasulu

Mpira peke yake ni nadra. Nunua koki nzima, na uende na ya zamani mkononi ili mlinganishe nyuzi za skrubu kabla ya kulipa.