Naomba ushauri: mfumo wa simu wa gari umekufa, nibadilishe moduli?

Wakuu habari zenu, hasa mafundi umeme wa magari. Gari ni la Kijerumani la 2006, lina mfumo wake wa kuongea na simu bila kuishika, unaoendeshwa na moduli (kisanduku cha kielektroniki), na vifaa vya sauti vimeungwa kwa nyaya za nuru za MOST (mtandao wa gari unaopitisha mawasiliano kwa mwanga, kifaa hadi kifaa kwa mzunguko). Menyu ya simu imepotea, simu haioni Bluetooth ya gari, na redio ilikuwa inanyamaza yenyewe kila baada ya dakika chache.

Fyuzi ni nzima. Kwenye plagi ya moduli, ndani ya buti, zinafika volti 12.4. Kutoa terminali ya betri kwa dakika 20 hakukusaidia. Nilipoichomoa moduli na kuunga nyaya mbili za nuru moja kwa moja ili mzunguko usikatike, redio ilitulia kabisa. Betri nayo ilikuwa inalala: gari likizimwa dakika 40 bado lilivuta ampea 0.6, bila moduli ni 0.03. Ndiyo maana siishuku maikrofoni wala antena.

Moduli ya mtumba yenye namba ileile ya kipuri itafanya kazi bila kuandikishwa kwa kompyuta ili ilingane na namba ya chasisi ya gari langu? Na kuna aliyechoma risasi upya kwenye chipu ya Bluetooth ikadumu?

Natanguliza shukrani.