Acheni kutudanganya kwamba sosholojia ya MCAT ni ya kusoma wikiendi moja!

Wakuu, nina hasira na leo nazitoa zote.

Nyumbani Tanzania nilisoma PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia. Nikaja Marekani, nikamaliza shahada ya kemia, na sasa najisomea MCAT, mtihani wa kuingia chuo cha udaktari, huku nikipiga zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee. Kila niliyemuuliza kuhusu sehemu ya nne, ile ya saikolojia na sosholojia, alinijibu kitu kile kile: "Hiyo ni akili ya kawaida tu, iache mpaka wiki ya mwisho." Kaka mmoja tunayemheshimu sana hapa mtaani, naye yuko chuo cha udaktari, aliniambia hivyo hivyo. Nikamsikiliza. Jaribio la kwanza kemia na fizikia nikapata 128, sehemu ya nne 121!

Kwa wasiojua, kila sehemu ina alama kuanzia 118 mpaka 132, na zote nne zina uzito sawa. Hii ya nne ina maswali 59 kwa dakika 95, na karibu theluthi yake ni sosholojia. Tena inakuja mwisho, umeshakaa pale zaidi ya saa tano, macho yanauma. Hiyo akili ya kawaida utaitoa wapi?

Wanaotuambia ni rahisi wengi wao walikaa darasani muhula mzima na mwalimu wa sosholojia. Sisi wa PCB hatujawahi kuiona. Semeni ukweli huo kwanza ndipo mshauri watu.

Halafu kuna kozi niliyolipia kwa pesa ya zamu zangu. Sura nzima ya sosholojia ni maneno na maana zake, mstari mmoja mmoja. Waasisi wake: Durkheim, mshikamano. Marx, tabaka. Weber, urasimu. Basi! Mtihani hauulizi hivyo. Unapewa kisa cha utafiti, kisha unaulizwa kisa hicho kinaelezwa vizuri zaidi na nadharia ipi, na majibu mawili yanafanana kama mapacha.

Chukueni mfano huu ulioniponza. Muuguzi anatakiwa akae na mgonjwa anayelia, na wakati huo huo msimamizi anataka fomu zijazwe. Huo ni mkazo ndani ya jukumu moja. Muuguzi yule yule akipigiwa simu zamu haijaisha kwamba mtoto wake ana homa, huo sasa ni mgongano wa majukumu mawili, la kazini na la mzazi. Haya mambo nayaona kila usiku kazini, lakini kwenye jaribio niliyachanganya kwa sababu hakuna aliyewahi kunionyesha mpaka kati yao. Kozi iliweka maana mbili, kurasa tofauti, bila mfano hata mmoja.

Na mwanasosholojia Parsons na "jukumu la mgonjwa" lake la 1951: mgonjwa anasamehewa kazi zake mradi ajitahidi kupona. Sawa kwa malaria. Bibi ninayemhudumia ana kisukari miaka mingi, hataamka siku moja amepona. Pale ndipo nadharia inapopwaya, na pale ndipo swali linapochimba. Kozi ikapita kimya.

Kinachoniuma ni kwamba sehemu hii iliongezwa 2015 ili daktari ajue kwamba kipato, elimu na mtaa anaoishi mtu vinamfikisha hospitali kabla ya kijidudu chochote. Mimi nataka udaktari kwa sababu hiyo hiyo! Halafu mnaniambia nikariri kadi.

Nimebakiwa na wiki saba. Nimeanza upya, kila nadharia naiandikia kisa cha kwetu: mtaji wa kijamii, yaani faida unayopata kwa watu mnaojuana na kuaminiana, nimeuelewa siku nilipokumbuka upatu wa mama na wenzake. Mwenye mifano ya hivyo, au maswali ya visa yenye maelezo kwa nini majibu mengine si sahihi, aweke hapa. Anayekuja kusema wikiendi moja inatosha, naomba apite.