Ndoto ya Ujamaa ilishindwa, au wenyewe walinyang'anywa?

Wakuu, kila tukizungumzia Dira 2050, mpango wa muda mrefu wa Tanzania, na ule uchumi wa dola trilioni moja, hakosi mtu wa kusema: "Tulishaota na Ujamaa, tukaambulia njaa. Tuachane na ndoto." Nakataa, na naomba tubishane kwa hoja.

Twendeni Songea. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla hata ya Azimio la Arusha, vijana wa TANU waliingia porini Litowa wakaanzisha kijiji. Hakuna aliyewasomba kwa lori. Majirani wakaona, wakaiga, hadi vijiji vikazidi kumi chini ya Chama cha Maendeleo Ruvuma. Wakawa na mashine yao ya kusaga, mashine ya kupasua mbao, na shule ambayo watoto walisoma na kulima. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikakivunja chama hicho cha vijiji. Mali zikachukuliwa, walimu wakahamishwa. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri.

Hapo kilichoshindwa ni kuota?

*Jibu la kwanza:* Mkuu, umechagua kijiji kizuri ukaacha nchi nzima. Wakulima walikuwa wametawanyika, kila kaya kivyake. Ungewafikishiaje zahanati, maji na shule? Kuwangoja wote wahamasike kama wale wa Litowa ni kumwambia mama mjamzito asubiri kizazi kijacho. Nchi maskini haina muda huo.

*Mleta mada:* Hoja ya zahanati ni nzito, siipuuzi. Ila zahanati haikuhitaji nyumba za watu zichomwe ili wasirudi walikotoka, na hilo lilitokea. Tena watu walihamishwa wakaacha mashamba waliyoyajua, wakati ukame nao unapiga.

Mimi naona tumaini linaishi pale ambapo mwenye kuota anaweza kubadili njia. Litowa mpango ukikwama, wenyewe walikaa kikao wakaupanga upya. Aliyeshushwa kwenye lori na kuonyeshwa kiwanja hakuwa na kikao cha kukaa. Alibaki kutii, au kutoroka usiku.

Kwa hiyo sina ugomvi na ukubwa wa Dira 2050. Trilioni na iwe. Nauliza hivi, na ndugu wa jibu la kwanza aanze: mkutano mkuu wa kijiji chako ukiona kipengele kimoja cha Dira kinawaumiza, una uwezo gani wa kukirekebisha?