Nyumba za ukoka za Nebraska zilisimamaje bila fito?

Mdadisi wa Tudor
Waungwana, salaam. Kuna picha alizopiga Solomon Butcher huko Custer County, jimbo la Nebraska, Marekani, kuanzia 1886. Utaona jamaa nzima imejipanga mbele ya nyumba ya udongo yenye kuta nene, wala fito huioni. Nyumba ya kukandika bila miti itasimamaje? Na mvua je?

Fundi Likoni
Kaka, pale hapakukandikwa kitu. Ule ni ukoka mzima, nyasi na mizizi yake, uliokatwa ardhini kama mkate wa sinia. Mbuga ilikuwa haijapata kulimwa, mizizi imeshikana barabara, nayo ndiyo iliyofanya kazi ya fito.

Plau maalumu ilipasua ukanda wa upana wa futi 1 na unene wa inchi 4 hivi, kisha sepetu ikakata vipande vya futi 2 au 3. Kipande cha futi 3 chapita kilo 20. Hulazwa nyasi chini, viwili sambamba ili ukuta ufike futi 2, viungo visikutane. Kila baada ya safu mbili tatu, moja hulazwa kukingama ili kuufunga ukuta. Asiyejua hukata mwingi mno: ukikauka kabla ya kulazwa, wamong'onyoka. Hukatwa wa siku hiyo tu.

Fremu za madirisha huachiwa nafasi juu, ikashindiliwa nyasi au matambara. Ukuta hushuka unapokauka, na pasipo nafasi hiyo vioo hupasuka.

Bi Makuti
Kuta hazikuwa na shida, shida ilikuwa paa. Mwamba wa mwerezi (ule mti mkuu wa mgongo wa paa), makombamoyo, vijiti, nyasi, kisha ukoka juu ya yote. Makuti humwaga maji, ukoka huyanywa. Mvua yakatika nje, ndani yaendelea kudondoka siku mbili tatu, na paa lililolowa huwa zito hata likavunja mwamba. Chini ya paa walitundika kitambaa cha pamba (melikani yetu hiyo!) kikinge michanga, panya na hata nyoka. Moto wa kupikia ulikuwa wa mavi makavu ya ng'ombe na magunzi ya mahindi, kuni hakuna.

Mdadisi wa Tudor
Sasa kwa nini wasingoje mbao?

Fundi Likoni
Sheria ya Marekani ya 1862 (Homestead Act) ilitoa ekari 160 za ardhi kwa ada ndogo, kwa sharti ukae miaka 5, ulime na uwe na nyumba. Mbao zilitoka mbali na ni za kununua, ukoka uko mlangoni. Wengi waliuhama mara walipomudu mbao.

Mdadisi wa Tudor
Kwale itafaa?

Bi Makuti
Kwenye mchanga kipande chavunjikia kwenye sepetu. Na mizizi ile yote ukutani, mchwa watakuandalia karamu. Baki na boriti za mikoko.