Madoa ya mtoto yanavimba yakisuguliwa, naomba ushauri

Habari zenu wapendwa. Nipo Ujiji, Kigoma. Mwanangu wa miezi 9 ana madoa ya kahawia mgongoni na tumboni tangu akiwa na miezi 4. Nikimfuta kwa taulo, doa linakuwa jekundu na kuvimba kama ameng'atwa na siafu, kisha linatulia. Tulipewa dawa ya fangasi, halafu ya upele, wapi! Daktari mwingine alitaja mastositosisi (seli za mzio kujikusanya kwa wingi kwenye ngozi), akampa setirizini ya maji, dawa ya mzio, na kutukataza ibuprofeni, dawa ya maumivu na homa. Muwasho umepungua, madoa yapo palepale. Hata kumbeba naogopa, mbeleko isimsugue.

Je, kukatwa kinyama cha ngozi kwa kipimo ni lazima? Nipo tayari kumpeleka hospitali ya KCMC, Moshi. Na mliolea mtoto wa hivi, madoa yalianza kufifia akiwa na umri gani?