Naombeni ushauri: ninunue mashine ya kukimbilia au nirudi kutembea nje? Niko Mtwara mjini

Fundi_Magomeni

Habari za jioni wapendwa, na wakubwa zangu shikamooni.

Mimi ni mama wa miaka 47, fundi cherehani, naishi Magomeni hapa Mtwara. Kazi yangu ni ya kukaa. Nikishaketi kwenye cherehani saa mbili asubuhi, nainuka kuswali, kula na kumpima mteja, basi. Mwezi wa saba nilienda kupima nikakutwa na presha 158 kwa 96. Nikarudi siku mbili nyingine, ikawa hivyohivyo, na sukari nayo ikaonekana iko mpakani. Daktari akaniandikia dawa, akaniambia pamoja na dawa nitembee mwendo wa haraka nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki.

Nilianza vizuri. Nilikuwa natoka baada ya swala ya alfajiri, naenda mpaka karibu na uwanja wa Nangwanda Sijaona, narudi. Wiki ya pili bodaboda isiyo na taa ilitokea mgongoni, kioo chake kikanigusa kiwiko. Sikuumia, lakini nilisimama palepale miguu inatetemeka, nikashindwa hata kuvuka barabara. Siku chache baadaye kinamama waliokuwa wanachota maji wakanisemesha kwa sauti: "Fundi, nani anakudai asubuhi yote hii?" Wakacheka. Najua ni utani, ila niliingia ndani nikalia. Nina kilo 91, na kila nikitoka naona kama mtaa mzima unanihesabia hatua. Tangu siku ile sijatoka tena, ni mwezi wa pili sasa.

Jirani yetu anahamia Dodoma na anauza mashine yake ya kukimbilia, hii wanayoiita tredimili, kwa shilingi 700,000. Hela ninayo, ni ya korosho za shamba alilotuachia marehemu baba kule Newala, ila nilikuwa nimeitenga ninunue mashine ya ovaloki, ile ya kushona kingo za nguo zisichanuke. Mume wangu ni dereva wa lori, mara nyingi yuko safarini. Yeye anasema ninunue, afya kwanza. Jirani anataka jibu kabla ya mwisho wa mwezi.

Kwa mtu wa presha na sukari, kutembea juu ya mashine ni sawa na kutembea nje? Magoti yangu yatavumilia ipi? Na kwa umeme wetu huu, itadumu? Nisaidieni, nimechoka kuwaza peke yangu.

Nesi_Mstaafu

Marahaba mwanangu. Umefanya jambo kubwa kwenda kupima na kurudia vipimo. Presha mara nyingi haiumi popote, na wengi tuliowapokea wodini walikuwa hawajui kama wanayo mpaka siku ya kiharusi.

Nijibu la kwanza. Moyo na mishipa havijui kama unakanyaga lami au mkanda wa mashine. Vinachojua ni muda na nguvu uliyotumia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, kwa hiyo nusu saa mara tano ndizo hizo 150. Wastani maana yake ni kwamba unaweza kuongea na mwenzako ukiwa unatembea, lakini ukijaribu kuimba kaswida pumzi inakatika. Ukiweza kuimba ubeti mzima, ongeza mwendo.

Sasa kuhusu sukari, kuna kitu naona hukuambiwa. Tembea baada ya kula. Misuli ya miguu ikifanya kazi inachota sukari kwenye damu, kwa hiyo dakika 10 hadi 15 baada ya ubwabwa wa usiku zinasaidia sukari isipande sana. Hizo unaweza kuzimaliza uani kwako, geti limefungwa, hakuna anayekuona. Anza leo hii, usisubiri kuamua habari ya mashine.

Ukiinunua, usining'inie kwenye vishikio. Nimewaona watu wanaegemeza mwili wote mikononi, miguu inapelekwa tu, halafu wanafurahia namba za kalori zilizoandikwa pale. Kifua kikibana, ukapata kizunguzungu au pumzi ikakata isivyo kawaida, simama na uende hospitali. Na dawa usiache kwa sababu umeanza mazoezi. Wa kuipunguza ni daktari.

Fundi_Volti

Dada, nakujibu la umeme, maana mashine hizi zinafika sana mezani kwangu.

Kinachokufa mapema kwa kawaida ni kadi inayoendesha mota. Jioni umeme ukiwa mdogo, watu wamewasha feni na majiko, mota inahangaika kuvuta mkanda wenye mtu juu yake, na kadi inachemka. Halafu umeme ukikatika na kurudi ghafla, kadi ndiyo inayopigwa. Kwa hiyo kwenye hiyo 700,000 ongeza bei ya stabilaiza kubwa, kifaa cha kusawazisha umeme, si zile ndogo za televisheni. Na uichomeke kwenye soketi ya ukutani moja kwa moja, usitumie ekstensheni. Gharama ya yuniti isikutishe, nusu saa ya kutembea ni robo hadi nusu yuniti.

Kabla hujatoa hela nenda ukaijaribu wewe mwenyewe. Iweke mwendo wa polepole kabisa, panda, kanyaga kwa uzito wako wote. Mkanda ukisita chini ya mguu halafu ukaruka, ama umelegea ama ubao wa chini umekauka. Izime, chomoa waya, inua pembeni ya mkanda upitishe vidole chini yake. Ukikuta pakavu na pameng'aa kama kioo, ujue matengenezo yanakuja. Mafuta yake ni ya silikoni. Nakusisitiza kwa sababu wewe ni fundi na nyumbani una chupa ya mafuta ya cherehani: usithubutu, yanaharibu mkanda.

Soma pia kibandiko cha uzito. Mashine nyingi za nyumbani zina kikomo. Kama kimeandikwa 100 na wewe una 91, utakuwa unaitumia karibu na mwisho wa uwezo wake kila siku.

Mama_wa_Ligula

Naomba niitetee mashine, maana imeniokoa.

Mama yangu alipata kiharusi na mimi ndiye ninayemlea. Siwezi kumwacha hata nusu saa. Mashine iko barazani penye nondo, mlango wa chumba chake uko wazi namwona, natembea akisinzia. Ningesubiri nafasi ya kutoka nje ningesubiri miaka.

Ila nikuambie mambo wasiyokuambia wauzaji. Joto la kwetu kuanzia Novemba mpaka mvua zinaisha ni kali, na juu ya mashine unatembea palepale, hupati upepo wa kukukausha jasho. Bila feni mbele yako dakika kumi ni nyingi. Weka feni.

La pili ni mavazi. Siku ya kwanza nilipanda na dera. Pindo likaingia nyuma ya mkanda, likanivuta nikapiga magoti, na sikuwa nimebana ile klipu yenye kamba kwenye nguo, kwa hiyo mashine haikuzima. Mpaka leo nina kovu goti la kushoto. Watoto nao wanapenda kushika pale nyuma mkanda unapozama, vidole vinaungua na kuchubuka. Mimi nikimaliza nachomoa ufunguo nauweka juu ya kabati.

Nakuambia kwa mapenzi dada yangu: mimi sina pa kutokea. Wewe mlango unao. Walichokunyang'anya ni amani ya kuutumia, na sijui kama mashine itairudisha.

Fundi_Magomeni

Mama wa Ligula, maneno yako ya mwisho nimeyasoma mara tatu. Mungu amponye mama. Nesi, jana na leo nimetembea uani baada ya kula, dakika 12, watoto wananihesabia mizunguko. Fundi Volti, nitaenda kuijaribu Jumapili. Bado sijapata la magoti, na la barabarani naliogopa kweli.

Mwl_Michezo

Mwalimu wa michezo hapa, nilishawakimbiza watoto mchakamchaka miaka mingi.

Magoti: mkanda wa mashine unabonyea kidogo, kwa hiyo ni laini kuliko lami. Lakini wewe unatembea, hukimbii, na kutembea hakupigi goti kama kukimbia. Usikimbie kwa sasa. Kinachoua magoti ya watu wanaoanza ni viatu vibovu na haraka. Ukienda kuchagua raba za mtumba, zikunje kwa mikono. Zikikunjika penye vidole chukua, zikikunjika katikati ya unyayo ziache. Siku za mwanzo tembea nguzo kwa nguzo: nguzo mbili za umeme haraka, moja polepole. Wiki ya tatu zifanye nne kwa moja.

Barabara: tembea upande wa kulia, bodaboda na magari yaje mbele yako uyaone. Ulivyosimulia, inaonekana ulikuwa upande wa kushoto, ndiyo maana ilikuja mgongoni. Subiri kupambazuke, usitoke gizani. Vaa rangi nyeupe au njano, na kwa kuwa sindano iko mkononi mwako, shona utepe unaong'aa mgongoni na kwenye mikono. Barabara kuu ya kwenda Mikindani ikwepe msimu huu, malori ya korosho ni mengi na pembeni hapatoshi. Njia za Shangani zina miti na magari machache.

Mvuvi_wa_MsangaMkuu

Wengi watakuambia nenda ufukweni Shangani. Ni kweli, mchanga mgumu ulioachwa na maji ni mzuri kwa miguu. Ila mnaotoka mjini huwa mnafika saa isiyofaa, mnakuta mchanga mlaini wa juu, mnachoka dakika tano mnarudi.

Angalia mwezi. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kukupwa sana, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, kwetu maji yanajaa karibu saa kumi, saa kumi na moja alfajiri. Ukifika saa kumi na mbili bado yako juu. Yanakuja kukupwa saa nne, saa tano, na jua hilo si la mgonjwa wa presha. Siku hizo pita barabarani. Mwezi ukiwa nusu ndipo maji yanakupwa alfajiri, na jioni tena. Hayaendi mbali kwa sababu ni maji mafu, lakini kamba ya mchanga mgumu unaipata. Kila siku yanachelewa dakika kama 50, mara nyingine zaidi. Na usitembee upande mmoja tu wa mteremko, kiuno kitauma. Nenda na urudi njia ileile.

Dada_Chuno

Kuhusu mavazi: gauni la kufika magotini, mikono mirefu, suruali pana chini, ushungi wa kitambaa cha jezi usiohitaji pini. Unasitirika na hakuna kitakachokunasa. Na usitoke peke yako, mama. Mtu mmoja akitembea anasemwa, watatu wakitembea wanasalimiwa. Nimeyaona mwenyewe mtaani kwetu.

Fundi_Magomeni

Narudi kuwapa mrejesho, wiki ya nne sasa.

Mashine nilienda kuijaribu. Kibandiko kinasema kilo 100. Nilipokanyaga, mkanda ulisita ukaruka, vilevile kama Fundi Volti alivyosema, na taa ya sebuleni kwao ikafifia. Nilimshukuru jirani nikamwambia hapana. Alishusha mpaka 550,000, nikasema bado hapana.

Jambo kubwa ni lingine. Mmoja wa wale kinamama wa bombani alileta sare ya mwanawe kushonewa. Nilikuwa nampima mtoto mabega, nikajikuta nasema: yale maneno yenu yaliniumiza, nilikuwa natembea kwa sababu naumwa. Alinyamaza. Akakaa kwenye benchi, akaniomba radhi, halafu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba na yeye anameza dawa za presha mwaka wa tatu na hajawahi kutembea hata siku moja, anaona aibu. Kesho yake kulipopambazuka alikuwa mlangoni kwangu, kavaa ndala.

Sasa tuko watatu, yeye kaja na wifi yake. Nimejishonea gauni na suruali kama alivyosema Dada Chuno, utepe unaong'aa nimeutoa kwenye koti kuukuu la kazi la mume wangu. Tunashika kulia. Kaswida siwezi kuimba zaidi ya mstari mmoja, kwa hiyo mwendo uko sawa, Nesi. Juzi nimepima 142 kwa 88. Dawa naendelea nazo. Magoti yanauma kidogo nikishuka ngazi, nikitembea hayaumi.

Hela ya korosho imebaki na ovaloki nitaichukua wiki ijayo.

Mvuvi, Jumamosi tunataka kwenda Shangani kwa bajaji, wote watatu. Mwezi naona umekatika nusu Alhamisi hii. Tufike saa ngapi?

Mvuvi_wa_MsangaMkuu

Kama nusu ni Alhamisi, Jumamosi yatakuwa yanamalizia kukupwa kwenye saa kumi na mbili na nusu. Fikeni saa kumi na mbili kamili, mtayakuta yanatoka. Na huyo wa ndala mwambieni avae raba, penye matumbawe panakata.