Ushauri: Farasi aliyetoka mbio anaenda kuruka viunzi mara ya kwanza, wiki tatu zimebaki

SaisiWaKaren:
Wakuu, habari za jioni. Huwa nasoma nyuzi za humu kimyakimya, ila leo nimebanwa.

Mimi ni saisi huku Karen, Nairobi, mwaka wa 9 huu. Kazi yangu ni kulisha, kuzoa samadi, kuwachana farasi na kuwanyoosha miguu kabla wenyewe hawajafika. Mwaka jana mdosi alinunua farasi aliyestaafishwa mbio za Ngong. Ana miaka 6, dume aliyehasiwa, rangi yake kama karanga za kukaanga, kwa hiyo bandani tunamwita Karanga ingawa kwenye karatasi ana jina refu la Kizungu. Binti wa mdosi ndiye angempanda mashindanoni, lakini amekwenda kusoma ng'ambo. Mdosi akaniambia, "Wewe ndiye unamjua, mpeleke wewe." Uwanja ni Jamhuri, darasa la viunzi vya sentimita 70.

Nyumbani anaruka 90 bila kutoa jasho, kwa hiyo urefu haunipi shida. Juzi mtoto aliacha ndoo nyekundu kando ya kiunzi tulichoruka mara kumi asubuhi hiyohiyo. Karanga akafunga breki hatua mbili kabla, masikio yamechongoka, anapuliza pua, mimi nimebaki nimekumbatia shingo. Jumapili kanisa la jirani likiwasha spika anaanza kucheza miguu na shingo inaloa. Lori hajapanda tangu siku aliyoletwa.

Wenzangu wanasema nimzungushe kwa kamba nusu saa asubuhi hiyo ili achoke. Ni sawa? Na chakula nimpe saa ngapi? Na akikataa kuruka mbele za watu nafanyaje? Nimewashikia watu farasi nje ya uwanja mara nyingi sana, lakini kuingia mwenyewe, sijawahi.

Kwato4:
Nimefungua uzi nikidhani Karanga ni pikipiki. Nakaa hapa nijifunze.

BibiTandiko:
Mwanangu, hongera kwanza. Mdosi kukupa hatamu si jambo dogo.

Nimefundisha watoto kupanda farasi Arusha miaka mingi, na farasi waliotoka mbio nimewapitia wengi. Kosa la watu ni kutumia hizo wiki tatu kuruka juu zaidi. Usiguse tena hiyo 90. Shusha hadi 50, halafu chini ya viunzi weka kila takataka unayoweza kupata: ndoo, turubai la bluu, magunia, sufuria za maua, koti lako. Kitu kipya kila siku, na kila siku mwache akitazame na kukinusa kwanza, muda wowote anaotaka. Huko nyumbani ndiko pa kunusa. Uwanjani ukimsimamisha mbele ya kiunzi kumwonyesha kabla hujaanza, unatolewa. Watu wengi hulijua hilo wakiwa tayari wametolewa.

Spika ndiyo rahisi. Rekodi kelele za mashindano kwenye simu, uzicheze bandani wakati anakula, kwa sauti ndogo, kisha uongeze. Akiendelea kutafuna, ongeza tena.

Lori: mlishe humo ndani kila jioni kuanzia kesho. Injini imezimwa, mlango uko wazi, hakuna safari. Baada ya wiki moja mzungushe kilomita mbili tatu na umrudishe. Na kama kuna njia yoyote, mpeleke Jamhuri siku ambayo hashindani. Ashuke, atembee, ale majani, arudi nyumbani. Ningechagua safari moja ya namna hiyo kuliko mazoezi kumi ya kuruka.

Kuhusu kamba sikubaliani na wenzako. Dakika kumi za kumlegeza mgongo, sawa. Nusu saa ya kumkimbiza duara unampasha moto tu. Huyo ni farasi wa mbio, pumzi anayo ya kuwazika nyote.

Mzee_wa_Fitina:
Asubuhi usimpe kitu. Tumbo tupu farasi anakuwa mwepesi. Sisi zamani tulifanya hivyo na tulishinda.

MtabibuWaMifugo:
Mzee, heshima yako, lakini hapo tutampoteza kijana. Tumbo la farasi hutoa asidi wakati wote, ale asile. Likiwa tupu halafu akakimbia, asidi inaruka hadi sehemu ya juu isiyo na kinga, na vidonda huanzia hapo. Farasi wa mbio wengi huja navyo tayari.

Nafaka ndiyo ya kupunguza asubuhi ya safari. Nyasi kavu, kama ni Boma Rhodes au mchanganyiko na lusani kidogo, awe nazo kwenye wavu njiani na pale kando ya lori. Konzi mbili tatu kabla ya kupandwa zinasaidia.

La pili: kama chanjo yake ya ugonjwa wa farasi wa Afrika inakaribia, zungumza na daktari wenu leo. Usimchanje halafu wiki ileile umwingize kwenye kazi nzito. Ama iwe imeshapita kwa wiki kadhaa, ama ahirisha mashindano. Ugonjwa huu unaletwa na visubi na unaua haraka, kwa hiyo chanjo yenyewe haina mjadala.

Dumu_la_Doha:
Ndugu yangu, mimi pia saisi, kwetu Nakuru, sasa nipo Doha mwaka wa nne. Huku farasi analala kwenye kiyoyozi wewe unalala kwenye feni, hiyo hadithi ya siku nyingine.

Ninaloongeza ni maji. Wengi hukataa maji ya ugenini kwa sababu ya harufu. Beba madumu kutoka nyumbani, na ndoo yake aliyoizoea usiisahau. Farasi mkubwa hunywa lita 30 na zaidi kwa siku, kwa hiyo dumu moja la lita 20 ni kujidanganya.

Pia tafuta mwenzake wa kusafiri naye. Hata poni mzee asiyefanya kitu. Farasi akiwa peke yake mahali pageni, macho yake yanatafuta kundi, na wewe huko juu hakusikii.

JokiMstaafu:
Hakuna aliyegusa mikono, na mimi naona ndipo mambo yatakapoharibikia.

Kwenye mbio tunafundisha hivi: joki akikaza hatamu, farasi anaegemea lijamu na kuongeza. Sasa wewe utaingia Jamhuri una wasiwasi, utakaza. Karanga ataelewa "twende". Utakaza zaidi, naye ataona hujaridhika na mwendo. Nimeona watu wakivuta farasi wa mbio uwanja mzima wakidhani ana wazimu, kumbe anatii.

Kaza kidogo, achia. Kaza, achia. Kaa wima, toa pumzi ndefu mpaka akusikie. Nyumbani zoea hili: kenta, yaani mbio za taratibu, kisha pumzi na mgongo pekee vimrudishe kwenye troti, ule mwendo wa mchakamchaka, vidole vije mwisho. Ukilipata hilo umepata breki.

SaisiWaKaren:
Asanteni sana. Leo amekula ndani ya lori, miguu ya nyuma imebaki nje, lakini amekula. @JokiMstaafu, nimejaribu hiyo ya pumzi na karibu nilie. Miezi yote hii nilikuwa namvuta.

Sasa nielezeni uwanjani. Kengele, bendera, na kule kwa kupashia moto.

BibiTandiko:
Bendera nyekundu iwe kulia kwako, nyeupe kushoto, kila kiunzi, hata vile vya kupashia moto. Ukiruka kwa upande wa nyuma umetoka. Kule kwa kupashia moto ndiko kubaya kuliko uwanja wenyewe, farasi kumi na tano wanakatizana. Piteni kushoto kwa kushoto, na kabla hujaruka piga kelele unaruka kipi: "Cha wima!" au, kwa kile kipana chenye mbao mbele na nyuma, "Oksa!" Ruka cha msalaba mara mbili, cha wima mara mbili, oksa moja ndogo, toka. Usikae humo.

Njia utaitembea kwa miguu kabla darasa halijaanza. Hatua zako nne ndefu, za sentimita 90 hivi, ni hatua moja ya farasi akiwa kenta. Kati ya viunzi viwili toa hatua zako mbili za kutua na mbili za kurukia, zinazobaki gawanya kwa nne. Lakini kwa farasi huyu usijali hesabu sana. Angalia atakapoelekea akitua: je, mbele yake kuna lango la kutokea? Hema? Watoto wenye baluni? Huko ndiko atakakovuta.

Kengele ikilia una sekunde 45 za kuvuka mstari wa kuanzia. Ni nyingi. Wageni huondoka kama wamefukuzwa. Ukivuka kabla ya kengele na kuruka kiunzi cha kwanza, nje.

Akikataa, alama 4 za adhabu, sawa na kuangusha ubao. Kwa kanuni za FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, kukataa mara ya pili ndiyo basi, ila madarasa madogo mengi hukutoa mara ya tatu, kwa hiyo uliza ofisini asubuhi. Mgeuze bila fujo, mpe nafasi ya kutosha, mguu umefunga, macho yako juu. Fimbo ya hasira hapana, atajua kiunzi kinauma kweli.

Kwato4:
Wiki tatu zimeisha. Karanga yuko wapi?

SaisiWaKaren:
Nimerudi, mwili mzima unauma.

Tulifika saa moja asubuhi na poni wa jirani. Wiki iliyopita nilimpeleka kutembea tu kama Bibi alivyosema, akatetemeka saa nzima. Jana alitetemeka kama dakika kumi, kisha akaona wavu wake na kuanza kula. Maji ya pale alinusa akageuza kichwa, ya kwenye dumu akamaliza ndoo.

Kupashia moto kulikuwa vita. Mtoto mmoja alinikatiza mbele ya oksa, tukapita pembeni, nikatoka. Niliruka vinne tu.

Kengele ilipolia alinyanyuka mbele yangu kama kifua cha jogoo. Nikahisi vidole vinafunga vyenyewe. Nikatoa pumzi, kwa sauti kabisa, nadhani jaji alisikia. Akashuka. Kiunzi cha kwanza mpaka cha tatu alikwenda kama amezaliwa humo. Cha nne kilikuwa mbao za bluu na maua miguuni. Akasimama pu! Nikamgeuza, nikarudi, akaruka kana kwamba ni paa la nyumba, rikabu ya kulia ikaniponyoka na viwili vilivyofuata niliruka bila hiyo. Cha nane aligonga kwa nyuma, ubao ukaanguka. Alama 8. Tulimaliza.

Mdosi alikuwa anarekodi. Anaonyesha watu ile ya maua peke yake.

Ila kurudi alikataa kupanda lori dakika 40, yeye aliyekula humo wiki tatu! Mpaka poni alipotangulia. Hili linatokana na nini, wakuu?

BibiTandiko:
Kwenda ulimlisha jioni tulivu, kurudi ulimpandisha na spika masikioni na jasho mgongoni. Safari ijayo mtembeze mpaka akauke kwanza. Na usimuuze huyo poni.

Dumu_la_Doha:
@SaisiWaKaren tuma basi hiyo video ya maua.